Sita Yenye Mkia

Bango la karakana ya Baba Mdogo, kule Morogoro, nililibuni mimi, nikiwa muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili. La zamani lilikuwa limechorwa kwa brashi na fundi wa mtaani: herufi nyekundu zilizoinama mbele kidogo, kama watu wanaopanda mlima. TUNASUKA MOTA, JENERETA NA PAMPU, kisha namba ya simu. Nilimwambia limepitwa na wakati. Yeye, aliyekuwa akilipa nusu ya ada yangu kwa kazi hiyohiyo ya kusuka mota, akasema, "Wewe ndiye msomi, mwanangu. Fanya."

Muhula ule nilikuwa nimeipenda fonti moja kupita kiasi. Inaitwa Eurostile. Aldo Novarese aliichora mwaka 1962 kwa ajili ya Nebiolo, kiwanda cha kusubu herufi za risasi mjini Turin, Italia. Miaka kumi kabla ya hapo, yeye na Alessandro Butti walikuwa wametoa Microgramma, fonti ya herufi kubwa tupu. Eurostile ikaja na herufi ndogo. Umbo lake la msingi si duara wala mraba. Chukua mraba, upulizie hewa mpaka pande zifutuke kidogo na pembe zilainike: hiyo ndiyo O yake. Ndilo umbo la skrini za televisheni za zama zile, na labda ndiyo maana watu waliliona kuwa sura ya kesho. Stanley Kubrick aliitumia kwenye filamu yake ya angani, 2001: A Space Odyssey, mwaka 1968. Tangu hapo, mtu akitaka kukuonyesha kwamba uko miaka mia mbele, mara nyingi anakuandikia kwa herufi za namna hiyo.

Mimi nilitaka karakana ya Baba Mdogo iwe miaka mia mbele. Nikachagua toleo lake nene na pana.

Tatizo la kwanza lilikuwa nafasi. Herufi pana zinapenda maneno mafupi, na Kiswahili hakina haraka hiyo. TUNASUKA ni mtenda, wakati na kitendo, vyote ndani ya neno moja lenye herufi nane. Bango lilikuwa la mita mbili, na maneno yangu yalitaka kuhamia kwa jirani. Basi nikashika ukingo wa maandishi kwenye kompyuta nikayabana mpaka yakaingia. Ukibana herufi hivyo, mistari iliyosimama inakonda, ile iliyolala inabaki na unene wake. Ndiyo maana Novarese alichora toleo jembamba peke yake, upya, badala ya kulibana lile pana. Hayo nilikuwa nimefundishwa darasani. Nilibana hivyohivyo, kwa sababu kwenye skrini yangu bango lilipendeza.

Niliporudi likizo, miezi mitatu baadaye, nililiona kutoka ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na kitu hakiko sawa kwenye namba ya simu. Sita zote mbili zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe, na juu yake mtu alikuwa amechora sita nyingine kwa brashi, nyekundu, kila moja na mkia mrefu uliopinda kama wa mjusi.

"Shikamoo Baba Mdogo. Nani kaharibu bango?"

"Marahaba. Hakuna aliyeliharibu. Kaa kwanza, unywe chai."

Fundi wake ndiye aliyenisimulia. Kwenye fonti ile, sita ni nane iliyoachwa wazi kidogo tu upande mmoja. Kwa kubana kwangu, na kwa vumbi la barabara, ule uwazi ulizibika machoni mwa wapita njia. Watu walikuwa wanapiga namba ya mama mmoja asiyejua mota ni nini. Ilijulikana siku mteja wa zamani alipokuja mwenyewe, amekasirika: "Wiki mbili nakupigia, anapokea mwanamke, ananiambia hapa hakuna fundi!" Wangapi walipiga mara moja wakaenda kwingine, hatutajua.

Nikapiga hesabu ambayo sikutaka kuipiga. Ile miezi ndiyo ada yangu ilipochelewa, nami nikamtumia Baba Mdogo ujumbe mfupi usio na salamu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na mitihani." Akanywa chai. "Na bango ni zuri. Sita tu ndiyo ilikuwa haijielezi."

Tasnifu yangu sasa inahusu mabango ya barabarani, na kila fonti naijaribu kwa kuibandika ukutani na kuvuka barabara. Eurostile bado naipenda. Ukiipa neno moja fupi, kubwa, na ukuta wa kutosha, inatulia vizuri sana. Lakini ilipofika sura ya pili, ya mifano, picha ya kwanza niliyoweka ni ya lile bango. Msimamizi wangu aliuliza zile sita mbili ni za fonti gani.

Nilimwambia zilichorwa na yule fundi wa mtaani. Baba Mdogo alimwita tena, akamlipa, siku ileile mteja alipokuja kulalamika.