Nuru Inayopepesa

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba mwalimu wa lugha hana shughuli na mitambo ya sinema. Sisi tuliingia katika habari hiyo kwa ajili ya neno moja. Mwanafunzi alituuliza: nuru inayowaka na kuzimika upesi upesi, Kiswahili hueleza vipi hali yake? Kumeta hakutoshi, maana hata pete humeta bila kuzimika. Tulichagua kupepesa, kwa kuwa ndivyo lifanyavyo jicho. Nalo jicho likipepesa halitambui giza lake lenyewe.

Sinema nayo imesimama juu ya giza lisilotambuliwa. Tangu filamu zenye sauti zienee, mwishoni mwa miaka ya 1920, kawaida imekuwa picha 24 kwa sekunde. Lau nuru ingepepesa mara 24 tu, macho yangeona dhahiri na kuchoka. Kwa hiyo ndani ya mashine ya filamu huzunguka kipande cha chuma kinachoikinga taa wakati picha inapobadilishwa, kisha huikinga tena picha ikiwa imetulia. Picha ni 24, mipepeso ni 48. Hesabu hizi mbili huchanganywa mno, hata na watu waliosoma. Televisheni ya zamani katika nchi zetu ilionyesha picha 25, kila moja kwa nusu mbili za mistari, ili kioo kipepese mara 50. Filamu ya dakika 100 ilimalizika humo kwa dakika 96.

Mpepeso wa polepole ndio wenye hatari. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, katuni ya televisheni ilibadilisha rangi nyekundu na buluu takriban mara 12 kwa sekunde, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa wamepatwa na kifafa.

Darasani kwetu alikuwamo kijana aliyeanguka mara mbili mbele ya televisheni. Majirani walitaja mashetani. Wenzake wakakataa kuketi naye dawati moja. Daktari alitaja nuru. Basi tukalieleza darasa zima, kwa neno lile lile ambalo walikwisha kulizoea, na siku ya pili wawili walirudi dawatini pake. Yeye mwenyewe sasa hutazama kutoka safu ya nyuma, taa ya chumba ikiwaka, na kiganja tayari kufunika jicho moja.