Mhuni Wangu Hampigi Mtu Aliye Chini

Leo sina ubuyu wa msanii aliyeachwa, wala wa yule dada wa mjini ambaye gari lake limerudi kwa mwenye nalo. Leo ubuyu ni wangu mwenyewe, na nimekaa nao kama miaka kumi hivi. Vuta kiti.

Wanaonijua wanajua mi ni mtu wa gemu. Nilianzia kwenye vibanda vya PS, unalipa mia tano unapigwa tano bila. Siku hizi nina kompyuta ya mtumba geto, feni inalia kama mashine ya kusaga, na bando likiruhusu, usiku nacheza RP.

Kwa ambao hamjui, RP ni gemu la kuigiza. GTA V mnaijua, ile iliyotoka 2013. Mji wake unaitwa Los Santos, umechorwa kwa kuiga Los Angeles ya Marekani. Ukiicheza kawaida, unaiba gari, unagonga watu, unapiga risasi, polisi wakikuua unaamka hospitali unaendelea na safari. Hakuna anayekuuliza kitu.

Sasa kuna programu inaitwa FiveM, inawaruhusu watu kufungua seva zao na kuweka sheria zao. Ilianza kama mambo ya watundu wa kompyuta tu, hadi 2023 Rockstar wenye gemu lao wakaamua kuwachukua kabisa waliokuwa wanaiendesha. Humo ndani karibu kila unayekutana naye ni mtu kweli, yuko kwao na maiki yake. Daktari ni mtu. Polisi ni mtu. Muuza magari ni mtu, na anakupiga bei kama Kariakoo.

Na sheria zake sio mchezo. Huruhusiwi kuua mtu hivihivi, lazima kuwe na sababu ndani ya hadithi. Ukielekezewa bastola lazima uogope, yaani mhusika wako aogope, anyooshe mikono kama mtu mwenye roho moja. Alafu ukizimika ukapelekwa hospitali, seva nyingi zinataka mhusika wako asahau kilichomfikisha pale, ili asirudi dakika tano mbele kulipa kisasi.

Unaona kinachotokea hapo? Gemu ni lilelile, bunduki ni zilezile, ila ghafla kumpiga mtu kunakuwa kitu kizito. Kwenye gemu la kawaida nimeua maelfu, sikumbuki hata mmoja. Kwenye RP nilimpiga jamaa mmoja kofi, tukalizungumzia wiki nzima.

Basi bwana. Niliingia seva moja ina Wabongo na Wakenya, jina silitaji. Kabla hujaingia unajaza fomu ya kumwelezea mhusika wako: kazaliwa wapi, anataka nini, anaogopa nini. Swali moja lilikuwa hivi: mhusika wako anaweza kumdhuru mtu katika hali gani, na kitu gani hawezi kufanya hata akilipwa?

Wangu nilimwita Dula Spana. Miaka 28, fundi magari. Mchana anatengeneza gari za watu, usiku anakata vipuri vya gari za wizi na kuwadaia watu madeni. Anapiga? Ndiyo. Anaua? Akibanwa. Kitu gani hawezi? Nikaandika bila kufikiria, sekunde mbili tu: hampigi mtu aliye chini.

Msimamizi akanirudishia swali. Sababu?

Nikajibu kwamba ndivyo alivyolelewa na bibi yake. Nikapita. Ila ulikuwa uongo. Dula hana bibi, na wa kwangu hajawahi kuniambia kitu kama hicho.

Nilicheza kama miezi mitatu, Dula akawa mtu. Ana gereji, ana pikipiki, ana kundi. Bosi wa kundi ni Mkenya mmoja ana sauti nzito, humo ndani tunamwita Mkuu. Dula ni mhuni kweli, simtetei. Kuna baba mmoja alimchukulia gari mbele ya mtoto wake kwa sababu ya deni dogo sana, na mi nilikuwa nacheka kwenye kiti changu.

Siku moja usiku tukamkamata dogo aliyeiba mzigo wa kundi. Tulikuwa watano. Tukampeleka nyuma ya gereji, akapigwa akaanguka. Dogo mwenyewe alikuwa anaigiza vizuri aisee. Analia kwenye maiki, anasema kaka naomba, kaka nisamehe, nina mdogo wangu nyumbani. Mkuu akasema, "Dula, mmalize huyo." Wengine wakadakia, mmalize, mmalize.

Mikono yangu ikaanza kutoa jasho kwenye kipanya. Nikazima maiki. Kwenye kioo Dula amesimama tu kama mti, watu wanamwita, na mi nimekaa geto najiona niko sehemu nyingine kabisa.

Nilikuwa kidato cha pili. Asubuhi ya Jumamosi, niko nje napiga mswaki. Nikasikia "mwizi, mwizi" kutoka uchochoro wa tatu. Unajua kitaa ikipigwa hiyo kelele inakuwaje, watu wanatoka mpaka waliokuwa chooni. Na mi nikakimbia, mswaki mdomoni. Nikakuta duara. Katikati kuna kijana amelala, labda alinizidi miaka mitatu minne, shati limechanika, uso siuelewi. Watu wazima ninaowaamkia shikamoo kila siku wanampiga. Jirani yetu mmoja, mtu wa swala tano, ana fimbo ya mwiko.

Nikaingia kwenye duara nikampiga teke. Moja. La mbavuni.

Sikujua kaiba nini. Mpaka leo sijui. Wengine walisema simu, wengine wakasema kuku, wengine wakasema kafananishwa. Aliyesimamisha ile kitu ni mama mmoja anayeuza maandazi. Aliingia akakaa pale chini kabisa, akamlaza kijana kichwa kwenye mapaja yake, akasema, "Haya, pigeni." Hakupiga kelele. Watu wakaanza kuondoka mmojammoja, kila mtu kama kakumbuka kitu jikoni. Baadaye polisi wakamchukua. Kama alipona au hakupona, sijui, na sikuwahi kuuliza.

Mnajua habari za hivyo zikitoka huwa zinaandikwaje. "Ameshambuliwa na wananchi wenye hasira kali." Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi maishani, na kila nikiisoma najua mmoja wao ni mimi. Na ukweli ni kwamba sikuwa na hasira. Sikuwa na hasira hata kidogo, wadau. Nilikuwa napiga mswaki.

Hicho ndo kinachoniuma. Dula akipiga mtu ana sababu, tena seva inamlazimisha awe nayo, imeandikwa, msimamizi anaweza kumuuliza. Mimi hakuna aliyeniuliza. Hakukuwa na fomu ya kujaza kabla ya kuingia kwenye lile duara. Mhuni niliyemtunga kwa kichwa changu alikuwa na mpaka, na mwanafunzi mwenye daftari la Uraia kwenye begi hakuwa nao.

Basi nikawasha maiki. Nikasema, "Mkuu, mimi simpigi mtu aliye chini." Kimya. Alafu wakanigeukia. Dula alipigwa usiku ule mpaka akazimika, akaamkia hospitali, gereji wakachukua, pikipiki wakachukua. Na kwa sheria ya seva hakumbuki chochote. Hajui kwa nini hana kundi. Mi ndo nakumbuka kwa niaba yake.

Mwisho mzuri eh? Subiri. Kesho yake yule dogo wa kwenye maiki akanitumia meseji. Nikadhani ananishukuru. Kaniandikia, "Bro umeniharibia sini, nilitaka afe, nishatengeneza mhusika mwingine." Nilicheka mpaka feni ikanionea huruma. Alafu nikanyamaza, kwa sababu kasema kweli. Kuwa mtu mwema kwenye gemu hakuna gharama. Dula kapoteza pikipiki, mi nimepoteza bando. Yule mama aliweka mwili wake halisi katikati ya mateke halisi, likiwemo la kwangu.

Na kama mnadhani nilibadilika, ngoja nimalizie. Mwezi uliopita nilikuwa kituo cha daladala jioni, ikapigwa ile kelele. Wakamkamata mtu. Nikasogea, nikasema, "Jamani mwacheni, mpelekeni polisi." Mmoja akageuka akaniuliza, "Kwani na wewe ni mwenzake?" Watu kama sita wakaniangalia.

Nikanyamaza. Nikarudi nyuma hatua mbili. Bahati nzuri bodaboda mmoja mtu mzima alikuwa jasiri kuliko mimi, akampakia yule mtu wakaondoka, sijui kituo cha polisi au wapi. Ila sio mimi. Mi nilipanda daladala nikakaa siti ya nyuma, na nilijua kabisa kwamba Dula asingerudi nyuma zile hatua mbili.

Watu wanasema magemu yanafundisha vijana ukatili. Labda yapo, mi sio mtaalamu. Ninachojua ni kwamba teke langu la kwanza sikufundishwa na gemu, nilifundishwa na watu wazima wa mtaani kwangu, mchana kweupe. Na gemu ndo lilikuwa la kwanza kuniuliza sababu.

Yule mama bado anauza maandazi. Huwa nanunua kwake kila nikienda nyumbani, ananipa na la nyongeza, ananiita mwanangu. Hajui kama nilikuwepo siku ile. Au anajua. Sijawahi kumwambia, na nadhani nimeandika hapa kwa sababu ni rahisi kuwaambia nyie kuliko yeye.

Haya, zamu yenu. Ungetunga mhusika leo, ungempa sheria gani ambayo wewe mwenyewe hujaweza kuifuata? Tupia komenti hapo chini. Matusi nayo nitayasoma, yangu nayastahili.