Itumie Wewe Kwanza

Nafundisha saikolojia tiba ngazi ya uzamili hapa Dar es Salaam, na sharti langu la kwanza huwachekesha wanafunzi: programu ya simu usiyoitumia mwenyewe, usimpe mgonjwa.

Basi kila mmoja hupakua shajara ya hisia. Arifa ikilia, anaandika yuko wapi, anajisikiaje na wazo gani limempitia. Faida yake ni kubwa, kwani mtu akiulizwa Ijumaa wiki yake ilikuwaje, hujibu kwa hali ya Ijumaa ile ile. Mwanzoni huandika kwa bidii. Baadaye arifa inalia akiwa amebanwa kwenye daladala, anaizima, na usiku anajaza zote kwa mkupuo. Tukikutana kwenye usimamizi namwuliza: wewe mzima umeshindwa, sembuse mwenye sonona ambaye hata kuoga kunamwelemea? Tangu hapo hasemi tena kwamba mgonjwa ni mvivu.

Somo la pili ni alama. Programu nyingi zina dodoso la PHQ-9: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla isizidi 27. Simu hujumlisha vizuri. Mgonjwa akipata 7, kioo huonyesha sonona hafifu, na mwanafunzi anashusha pumzi. Namwambia afungue swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru. Likiwa na hata alama 1, simu inawekwa kando na mazungumzo yanaanza: mawazo hayo huja lini, ana mpango gani, nyumbani anaishi na nani?

Kisha kuna siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mwanafunzi lazima ajue majibu yanahifadhiwa wapi, na pia aulize simu ile inashikwa na nani mwingine. Shajara ya mke ikisomwa na mume anayempiga, tiba imegeuka hatari.

Walimu wenzangu, simu ziingizeni darasani bila woga. Ila mwanafunzi asiyeweza kueleza alama ya kwenye kioo ina maana gani kwa mgonjwa aliye mbele yake, asiachiwe mgonjwa peke yake.