Ua la Mwambani Huko Bulwa

Mwezi uliopita tulijaliwa kusafiri mpaka Bulwa, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Tulipanda gari Muheza, tukapita Amani, na kadiri tulivyopanda ndivyo joto la pwani lilivyotuacha. Huko Bulwa mashamba ya chai yametandazwa kama zulia, na nyuma yake umesimama msitu.

Mwenyeji wetu, mzee wa Kishambaa, alituingiza msituni hata penye kijito. Hapo tuliona mwamba unaovuja maji, na katika nyufa zake maua madogo ya rangi ya urujuani, yenye chembe za manjano katikati. Majani yake yana manyoya laini kama sikio la mwana-mbuzi. Udongo yanamoshika mizizi haujazi hata kiganja. Subhanallah! Ua hilo hilo tuliwahi kuliona dirishani Dar es Salaam, ndani ya chungu, tukadhani limetoka Ulaya.

Kumbe asili yake ni huku Tanga. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga zama za Wajerumani, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani; na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Jina alilipata mpelekaji. Wenyeji waliolijua kabla yake hawakutajwa. Jani moja likichomekwa udongoni hutoa mche mpya, ndiyo sababu limejaa majumbani Ulaya na Marekani.

La mwituni halina wasaa huo, kwani lataka kivuli na jiwe lenye unyevu. Mzee alituonyesha mwamba wa pili, ambao miti yake ilikatwa ili kupata shamba. Jiwe lilikuwa kavu, na juu yake hapakuwa na kitu. "Utotoni mwangu hapa palijaa," akasema. Msitu wa Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, lakini miamba mingine imo mashambani mwa watu, nasi hatuna ulimi wa kumlaumu mwenye watoto wa kulisha.

Mmoja wa wanafunzi wetu wa madrasa alikuwa amenyoosha mkono ang'oe ua moja.

"Liache, mjukuu wangu," mzee akamwambia, "halitafika nawe pwani."

Kijana akauliza kama miti ikipandwa tena penye jiwe lile kavu, maua yatarudi. Mzee akajibu kwamba kwanza aulizwe mwenye shamba, na jioni ile wakaenda wote wawili kumbishia hodi.