Ningu Akija Kanoni, Atapita?

Sisi wa ualimu tunaambiwa kila siku: toa mfano anaoujua mwanafunzi. Ajabu, tukifika kwenye mada ya wanyama wanaohama, tunakimbilia samoni wa Kanada. Mtoto wa Muleba samoni atamwona wapi? Mbona ningu yupo?

Ningu ni samaki wa Ziwa Victoria. Mvua zikikolea na mito ikajaa, huacha ziwa na kupanda mto, akataga kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Baadaye yeye na vifaranga wake hurudi ziwani. Zamani alivuliwa kwa wingi kwenye mito kama Kagera. Zikaja nyavu za makila, watu wakazitega kwenye midomo ya mito wakati uleule samaki wenye mayai wanapopanda. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Kumbe hata kabla sangara hajatawala ziwa! Tunamsingizia mengi yule.

Lakini hata nyavu zikiondoka leo, ningu anahitaji mto wa kupanda. Tuangalie Kanoni, unaokatiza mji wa Bukoba hadi ziwani. Chupa, pampasi, maji ya kuoshea bodaboda, vyote vinaishia humo. Mvua moja tu, maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo hufunika mayai ya samaki yakakosa hewa. Na halitoki mjini peke yake. Linaanzia mlimani, kwenye rweya iliyochomwa moto na kibanja kisichotandazwa nyasi. Mafunjo ya bondeni ndiyo chujio. Tukiyafyeka tupande mboga, tope linapita moja kwa moja. Muleba ni hivyohivyo: kinachofanyika shambani kinaingia Mto Ngono, Ngono unakipeleka Kagera, Kagera ziwani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hizo ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Nenda Kanoni kapime kwa hatua, uone utakuta nini.

Mimi nikipangiwa mazoezi ya kufundisha Kagera, somo hili nitalifundishia mtoni. Kila mwanafunzi na chupa yake safi: mmoja achote maji juu, mwingine chini ya mji, tuyaache yatulie, tulinganishe tope. Mtoto aliyezoea kuuona Kanoni kama mtaro hawezi kuudai samaki. Aanze kwa kujua kwamba ule ni mto.