Kabla Biharusi Hajapanda Boti



Tangu tuanze kuchukua maharusi na mashoga zao kwenda Nakupenda na Changuu, maswali tunayopata ni yale yale. Chakula gani? Turubai lipo? Nahodha ni mwanamume, sasa tutavua vipi baibui? (Nahodha ni kaka yetu. Anakaa mbele, pazia liko katikati, na tukifika funguni hubaki chomboni akiangalia upande wa bahari.) Ya mashine hatujaulizwa hata siku moja. Basi leo tuyaseme wenyewe, kwa sababu yametufika, na kwa sababu kila msimu boti mpya za matembezi zinazidi kuwa na mashine za aina hii.

Sisi ni wanne, dada watatu na wifi yetu. Boti yetu ni ya faiba, ndogo, tuliinunua mkononi mwa mtu, ina mashine moja nyuma. Zile mashine za zamani, ukisukuma mkono wa moto, unavuta waya wa chuma mpaka kwenye mashine, kama breki ya baskeli. Yetu haina waya ule. Mkono unapeleka habari kwa umeme, kompyuta ya mashine inaisoma, kisha mota ndogo inafungua kipepeo cha kupitisha hewa. Mkono ni laini kweli, hata mtoto anausukuma.

Ndani ya mkono ule mna sensa zaidi ya moja, zote zinatoa habari ya jambo moja: mkono umesukumwa kiasi gani. Ni kama mashahidi wa nikaha. Wawili, na maneno yao yalingane. Wakipishana, kompyuta haimwamini hata mmoja. Inapiga king'ora, inawasha taa, na inaibana mashine iende polepole tu, usije ukasukuma kidogo boti ikaruka, au ukarudisha mkono boti isipunguze mwendo. Yaani ule upole ni ulinzi. Unakusudiwa ukufikishe nyumbani.

Lakini nyumbani penyewe ni wapi? Nakupenda ni fungu la mchanga, maji yakijaa halipo. Unakwenda na maji kupwa na lazima uondoke kabla hayajarudi. Sasa fikiria mna biharusi, shangazi zake, watoto sita, kusi inavuma, na mashine haitaki kupita mwendo wa kutembea. Ilitufika mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Kila mara kaka alizima, akasubiri kidogo, akawasha, ikaenda dakika kumi, ikarudia. Tulifika salama mara zote tatu, alhamdulillah, lakini mara ya tatu jua lilikuwa linazama na watoto walishaanza kulia.

Fundi wa kwanza alikuja pwani, akawasha mashine, akaisukuma, ikanguruma vizuri kabisa. Akazunguka nayo peke yake na kaka nusu saa, hakuna kitu. Hata hivyo akasema mkono umekufa, ununuliwe mwingine, na kwa bei aliyoitaja, pamoja na kuuagiza, ilikuwa inakaribia shilingi milioni 4. Tukamuuliza, umeupima kwa nini? Akasema kwa uzoefu. Uzoefu tunauheshimu, lakini milioni 4 ni za wanawake wanne na kila shilingi imetoka kwenye keki, hina na ushoni. Tukamshukuru, tukamlipa nauli.

Wakati huo tulikuwa na biharusi wa Jumamosi. Tukawapigia kwao kuwaambia safari haipo, na pesa ya kishika nafasi tunairudisha. Mama yake alikasirika sana. Watu wameshaalikwa, keki imeshaokwa, na boti si inatembea, tena mmekwenda juzi tu? Ni kweli ilikuwa inatembea. Ila kisiwa hiki kilizika watu wa Spice Islander mwaka 2011, kikazika wengine wa Skagit mwaka 2012, na sisi sote tunajua nyumba ambayo mtu hakurudi. Dua ya safari tunaisoma kila tukipanda, lakini hatukuona namna ya kuisoma huku tukijua kwamba chombo kina ila tusiyoijua. Mtoto wa watu ni amana. Tukarudisha pesa siku ile ile.

Aliyefungua fumbo ni wifi, na hakushika hata bisibisi. Yeye ndiye mwenye daftari la hesabu: tarehe, idadi ya wageni, mafuta, chakula. Akakaa nalo usiku. Siku zote tatu za tatizo tulikuwa na maharusi. Siku alizotoka kaka peke yake, au na mafundi, hakuna kitu. Akauliza, siku za maharusi tunafanya nini tusichofanya siku nyingine? Tukadhani uzito. Lakini kuna siku tulipeleka wanafunzi kumi na tano wa madrasa na mashine haikulalamika. Ndipo akasema: spika. Siku za maharusi tunapiga kaswida kwa sauti kubwa, wanafunzi wale waliimba wenyewe kwa midomo yao.

Tukamwita kijana mmoja, fundi umeme wa magari, aje na mita yake. Akaanzia kwenye betri. Mashine ikiwa imezimwa ilisoma volti 12.6, nzuri. Mashine ikiwaka 14.1, maana yake inachaji. Kisha akaenda kupima nyuma ya mkono wa moto, ikasoma 13.8. Akasema, haya, pigeni kaswida yenu. Dada zangu, kila dufu likipigwa namba inashuka! Kumi na mbili, kumi na moja, chini ya kumi, inapanda tena, inashuka tena. Kidogo king'ora kikalia, mashine ikarudi sailensa pale pale ufukweni, na sisi tukapiga vigelegele kama tumeletewa posa.

Akaufuata waya wa hasi kutoka betri hadi mbele. Chini ya sakafu, palipokuwa pamefungwa kwa utepe mweusi na mwenye boti wa kabla yetu, pakatoka ungaunga wa kijani. Shaba ilikuwa imeliwa na chumvi. Na huyo huyo alikuwa ameunganisha spika kwenye waya ule ule unaolisha mkono. Bila spika, waya mbovu ulitosha. Spika zikivuta umeme kwa nguvu, mashahidi wetu walikuwa wanakosa nguvu na maneno yanapishana.

Kijana akakata mpaka penye shaba nyekundu inayong'aa, akaweka waya mpya wenye bati juu ya shaba, akaziba kiungo maji yasiingie, na spika akazipa waya wake na fyuzi yake moja kwa moja kutoka betri. Gharama yote, kazi na vifaa, 140,000. Jambo jingine alilotufundisha: mashine hizi huhifadhi namba ya hitilafu, na mwenye kifaa cha kusomea anaweza kuiona. Namba ile haikwambii nini kimekufa. Inakwambia kompyuta imeona nini, na kompyuta yenye njaa ya umeme huona mengi.

Ikiwakuta baharini, nahodha arudishe mkono katikati bila kuupigapiga, aangalie kamba nyekundu ya usalama haijachomoka, azime spika, taa, friji na kila kisicho lazima, kisha azime mashine na kuiwasha upya. Ikikubali, mrudi nyumbani moja kwa moja, msiendelee na matembezi. Ikikataa na mkondo unawachukua, tieni nanga na pigeni simu mapema, jua lingalipo. Na majaketi ya kuokolea yavaliwe tangu mnapoondoka, juu ya baibui, hayaharibu picha kama mnavyodhani.

Tulitoka sisi wanne na kaka, bila mgeni, saa mbili nzima, tukaizunguka Changuu, spika mwisho. Mita tuliifunga mbele ya macho yetu, haikushuka chini ya 13.5. Biharusi wa Jumamosi ile alikuja wiki mbili baadaye na mawifi zake, akachagua kaswida mwenyewe. Mama yake bado hajatupigia.