Nguzo Imefika Wapi?

Sisi watu wa pwani tumezoea kudhani kwamba matetemeko ni msiba wa bara, kama lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016. Lakini usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilitokea chini ya bahari kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, likasikika hata Mombasa. Moa, kijiji cha wavuvi wilayani Mkinga, kimo kati ya miji hiyo miwili.

Kuielewa hatari hii hakuhitaji maabara. Maji yanapokupwa, nimesimama ufukweni Moa nikakanyagakanyaga mchanga mbichi mahali pamoja: mchanga hulainika, maji hupanda, mguu huzama. Tetemeko huweza kulifanyia hivyo eneo zima. Chembe za mchanga uliolegea na kujaa maji husongamana; maji yaliyo baina yake, yakikosa pa kukimbilia, huubeba mzigo wa chembe hizo, na ardhi hugeuka uji.

Hapo ndipo nguzo za msingi hutahiniwa. Nguzo iliyopigwa mchangani husimama kwa kubanwa ubavuni na kwa kukanyaga tabaka gumu chini. Mchanga ukiwa uji, mbano ule hupotea. Na ardhi ikiteleza kuelekea majini, huisukuma nguzo hadi ikapinda au kuvunjika. Mjini Niigata, Japani, mwaka 1964, daraja la Showa lililokuwa limekamilika karibuni tu liliporomoka. La kutisha zaidi ni jengo jingine mjini humo: liliendelea kutumika kwa takribani miaka 20, na msingi ulipofukuliwa, nguzo zake za zege zikakutwa zimevunjika.

Basi kusimama kwa jengo si ushahidi wa uzima wake. Leo Tanga inapokea kazi kubwa za ufukweni, likiwemo gati la mafuta yatokayo Hoima huko Chongoleani, na kesho zamu yaweza kuwa ya Moa. Mwananchi hawezi kuiona nguzo iliyozikwa; anachoweza kukiona ni ripoti ya upimaji wa udongo. Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma waifikishe ripoti hiyo kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla jiwe la msingi halijawekwa, nanyi wanafunzi wangu muwe wa kwanza kuuliza: nguzo imefika wapi?